Mshahara wa wale wazee wa Magamba

Kuna aliyeuliza kama wale wazee wa Kijerumani wanaoonekana pichani, mume na mke walioko chuoni Magamba, Lushoto, wanalipwa mshahara na chuo. Hapana, kwa kawaida chuo hakiwalipi watu kama hao, mume wala mke. Chuo cha Sebastian Kolowa ni cha KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, na dayosisi hiyo iko kwenye United Evangelical Mission, ushirika wa makanisa wenye ofisi Wuppertal, Ujerumani. Wanandoa wakiletwa kwa njia ya misheni, kwa kawaida posho na bima hutoka huko huko walikotumwa, mwenyeji anatoa nyumba na kazi ya kufanya. Ndiyo maana wanakaa miaka mingi bila kelele za mshahara kuchelewa. Nimeshika vitabu vya hesabu vya usharika hapa Tanga: kwenye karatasi ya mishahara mmisionari humwoni, ila bili ya fundi wa paa la nyumba yake utaikuta, tena haikwepeki!

Ila mmoja wao akisaini mkataba wa ajira na chuo, hapo ni mhadhiri kama wengine. Na uhusiano wenyewe si wa juzi, wamisionari wa Bethel, misheni ya Kijerumani, walishafika Mlalo, huko huko Lushoto, tangu 1891.