Debe la Thina Lilinifunza Kiambishi "In-"

Nilipoanza kazi katika duka la rangi za magari Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, nilipewa madebe ya thina, kimiminika cha kuzimulia rangi, niyapange. Kila debe lilikuwa na neno "inflammable". Shuleni nilishika kwamba "in-" hukanusha: "correct" ni sahihi, "incorrect" si sahihi. Basi nikaamini thina haishiki moto, nikayapanga uani, hatua chache kutoka alipokuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mzee mwenye duka alikuja mbio. "Kijana, ondoa hayo madebe, utatuua!" Usiku ule sikupata usingizi.

Kumbe "inflammable" ni kitu kinachoshika moto upesi. Neno lenyewe lina asili ya Kilatini, "inflammare", yaani kuwasha moto. "In-" yake ni ya kuingia ndani, kama ya "inhale", kuvuta pumzi. Kwa sababu watu wengi huteleza hapo, madebe mengi siku hizi huandikwa "flammable", na maana ni ileile.

Kwa hiyo ukikutana na kiambishi awali, kivue kwanza uone kilichobaki. Usibabaishwe na sura yake kubadilika. "In-" ya kukanusha huwa "im-" mbele ya p ("impossible"), "il-" mbele ya l ("illegal"), "ir-" mbele ya r ("irregular"). Sisi tunafanya vivyo hivyo: nguo ndefu, lakini nguo mbaya. Hakuna anayesema "nbaya".

Kilichonisaidia kuliko vyote ni Kiswahili chenyewe. "Un-" ina kazi mbili. Ikitangulia sifa, hukanusha: "unhappy", asiye na furaha. Ikitangulia kitenzi, kwa kawaida hurudisha nyuma kilichofanywa, kama "-ua" yetu: funga, fungua, kunja, kunjua. "Unlock" ni kufungua kufuli, wala si kutofunga. Waingereza wanaitanguliza, sisi tunaiweka mwishoni. Nilipoliona hilo, maneno mengi yalinifungukia kwa siku moja.

Angalia pia herufi moja. Dada yangu, akiwa na mimba ya kwanza, aliona "antenatal" mlangoni mwa kliniki akadhani ni mahali pa kuzuia uzazi, akageuza. "Ante-" ni kabla. Ya kupinga ni "anti-". Nilimsindikiza wiki iliyofuata.

Weka daftari, na uandike kila neno pamoja na mahali ulipolikuta. Langu, ukurasa wa kwanza, lina "inflammable", na kando yake nimechora debe la thina.