Usikubali uweka hazina, na hiyo ratiba ya saa tisa usiku ichane

Mdogo wangu, usikubali huo uweka hazina. Nimesoma swali lako mara mbili na moyo ukanienda mbio, maana huyo ni mimi wa miaka minne iliyopita. Asubuhi unafundisha, alfajiri unachoma mahamri, mama anaumwa sukari, watoto bado wadogo, wenzio wa chama wanataka uwashikie pesa, na Mfungo Sita haujaingia umeshapokea oda ya kaimati za wageni wa Maulidi. Juu ya hayo umempata mtu wa kukwambia dawa ni kuamka saa tisa usiku na kuipanga siku saa kwa saa kwenye daftari. Sasa unauliza uanzie wapi, utafute msichana wa kazi au usitafute, na programu gani ya simu itakufaa. Anza kwa kukataa.

Mimi nilikuwa karani Mokowe, bara, ng'ambo ya kisiwa chetu cha Amu (Lamu). Saa tisa usiku niko jikoni nakuna nazi, unga nimeukanda tangu jana. Saa kumi na mbili mahamri yako madukani, saa moja niko kwenye boti navuka. Narudi alasiri, wanangu watoke chuoni kwa Kurani, mama apimwe sukari, apikiwe chakula chake mbali, kisha kuosha sufuria na kukanda tena. Kulala ni saa tano na nusu. Hesabu mwenyewe: saa tatu na nusu za usingizi, siku sita kwa wiki.

Hapo ndipo mwenyekiti wetu aliponikuta sokoni, mbele ya ngome, kikapu kichwani. "Wewe ndiye mwaminifu, tushikie hazina." Nikaona haya. Nikasema ndiyo hapo hapo, nimesimama, jua linanichoma.

Tulikuwa wanawake 19, kila mmoja shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwezi wa tatu wa kazi yangu, zamu ilikuwa ya mjane mmoja wa Langoni aliyekuwa akiingoja aezeke paa kabla ya masika. Saa nne usiku, macho mazito, nikachukua simu nimtumie shilingi 47,500. Namba niliiandika kwa mkono kutoka kwenye daftari, nikageuza tarakimu mbili. M-Pesa ikanionyesha jina la mpokeaji, kama kawaida. Lilikuwa jina la mwanamume. Chama chetu hakina mwanamume hata mmoja! Nililitazama jina lile kwa macho yangu haya mawili, nikabonyeza kukubali, nikalala.

Nilijua asubuhi, tuko katikati ya mkondo, mjane aliponipigia: "Mwanangu, mbona hazijafika?" Nikafungua ujumbe. Nikautuma kwa 456, namba ya Safaricom, wazirudishe, lakini zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala usiku ule ule, na simu ya yule mtu haikupatikana tena. Nililia kwenye boti mbele ya watu wazima.

Bangili yangu ya dhahabu, niliyovishwa siku ya harusi, ikauzwa. Haikutosha. Kilichobaki nilikilipa kwa mahamri miezi saba. Mjane alipata pesa zake kwa mafungu, na masika yalimkuta na mabati nusu. Hakuwahi kunitukana. Alikuwa tu akiniona kichochoroni anashika njia nyingine, na hilo liliniuma kuliko bangili.

Daktari aliyemtibu mama ndiye aliyenieleza. Mtu akikaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake unashuka kama wa mtu aliyekunywa pombe. Mimi usiku ule nilikuwa na saa 19. Mtu mzima anahitaji saa saba za usingizi au zaidi, na jina lile sikulikosa kwa uzembe: macho yaliliona, akili haikuwepo.

Na yule aliyenifundisha ratiba ile? Alikuja na semina, nikamlipa shilingi 3,500 nilizozitoa kwenye pesa ya unga. Alisema anayelala kwa muda wa saa saba ni adui wa mafanikio yake. Kila mara nikikumbuka nakasirika upya. Nani alimpikia asubuhi ile? Nani alimlelea watoto akawa na nafasi ya kutuhubiria sisi? Ukumbi mzima ulijaa wanawake waliochoka, naye akatuambia tumelala mno. Wazee wetu wa Amu waliamka alfajiri, ndiyo, lakini baada ya isha taa zilizimwa, na mchana walipumzika kailula. Yeye alichukua kuamka mapema, akatuachia kukesha.

Kwa hiyo shika hili moja tu: usimjibu mtu ndiyo mlipokutana hapo hapo. Amu huwezi kumkwepa mtu. Vichochoro vyenyewe akipita punda na mzigo lazima ujibane ukutani, basi kila mwenye ombi atakukuta tu, naye atakukuta umesimama, na mtu aliyesimama anaona haya. Sema, "Nitakujibu kesho baada ya asri," uende zako. Usiku ukae na mama yako au mumeo, utaje kwa sauti ni kitu gani utakiacha ili hiki kiingie. Si "nitajibana". Kitaje kwa jina: mahamri ya Ijumaa, au somo la jioni, au nini. Usipokipata cha kuacha, kesho jibu lako ni hapana.

Mwaka jana walinitaka nisimamie mapishi ya harusi Shela. Nikaenda nalo nyumbani, nikaona siku ile ni ya kliniki ya mama. Nikakataa. Shangazi wa bibi harusi alininunia wiki mbili, kisha akaniletea sahani ya biriani mwenyewe, na mama alikwenda kliniki nami nikiwa nimemshika mkono.

Umesema mwenyekiti anataka jibu kesho asubuhi, ukipita kwenda shuleni. Mwambie baada ya asri. Akikushika mkono acha mkono, usiseme ndiyo. Halafu rudi hapa jioni uniambie alisemaje, nitakuwa macho mpaka saa tatu, baada ya hapo nimelala.