Kabla hujaandika amoksilini

Wadogo zangu mlioripoti zahanati juzi, vidonda vya watoto mtavichoka. Vingi ni impetigo: malengelenge madogo yanapasuka, kisha gaga la manjano kama asali iliyogandia, puani na pembeni mwa mdomo. Kuitambua ni rahisi. Ukishaitambua, mvue mtoto nguo zote.

Zote, hata kama foleni imefika getini. Tazama katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makalio, na sehemu za siri za mvulana. Kichanga mgeuze uone nyayo. Ukikuta vipele vidogo vilivyochunwa na kucha, muulize mama: "Usiku analala? Nani mwingine nyumbani anajikuna?" Mara nyingi mama mwenyewe anajikuna huku anakujibu. Huo ni upele wa kuambukiza (skabi), na bakteria wamepitia hapo kwenye mikwaruzo. Ukitoa antibiotiki peke yake vidonda vitakauka, halafu mtoto atarudi na vingine. Nyumba nzima ipakwe dawa siku moja, BBE (dawa ya kupaka ya benzili benzoati) au permethrini, hata wasiojikuna. BBE ya watoto wadogo izimuliwe kama mwongozo unavyosema. Nguo na shuka zifuliwe, zianikwe juani.

Sasa antibiotiki. Msumbufu mkubwa hapa ni bakteria Staphylococcus aureus, na wengi wao hutengeneza kimeng'enya kinachovunja amoksilini. Vidonda vikiwa vingi, toa kloksasilini, flukloksasilini au sefaleksini, kwa uzito wa kwenye mizani, si wa kukisia. Vikiwa vichache, maji na sabuni, gaga lilainishwe litoke, kisha dawa ya kupaka. Unga wa kapsuli za antibiotiki za rangi mbili kwenye kidonda mtaukuta sana. Mweleze mama aache, bila kumgombeza.

Jipu lililoiva lipasuliwe. Vidonge peke yake havitoshi. Ila uvimbe wa kichwani unaobonyea, unatoa usaha na nywele zinang'oka zenyewe, weka kisu chini. Huenda ni mapunye yaliyochachamaa, na hayo yanataka griseofulvini, dawa ya fangasi, ya kunywa.

Vitabu vinasema maambukizi yakizama ndani, ngozi huwa nyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Tumia mgongo wa mkono, linganisha mguu na mguu: joto, ugumu, ngozi kung'aa. Zungushia uvimbe mstari wa kalamu. Uvimbe ukiuvuka mstari, au mtoto ana homa na amelegea, mpe rufaa. Uvimbe wenye homa kuzunguka jicho, au kichanga mwenye vipele vya usaha asiyenyonya, anaondoka leo leo.

Na siku hiyohiyo ya vidonda mwambie mama: wiki tatu hadi sita zijazo, mtoto akiamka uso umevimba au mkojo umekuwa wa kahawia, amlete. Figo huweza kuathirika baada ya streptokokasi ya ngozi, bakteria mwingine wa vidonda hivi, na vidonda vitakuwa vimeshapona, hivyo hatavihusisha. Akija, pima mkojo na presha.