Nyumbu wa Simanjiro na wa Gelai ni kundi moja?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni askari wa wanyamapori wa kijiji, huku Simanjiro. Kiangazi nyumbu hujaa Mto Tarangire. Masika wengine huja kwetu, wengine hupita ushoroba (njia ya wanyama) wa Kwakuchinja kwenda nyanda za Gelai, kaskazini. Mkiwavisha kola za GPS, mnajuaje kama ni kundi moja au mawili?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kunywa mto mmoja kusikudanganye. Kiangazi maji ndiyo yanayowakusanya, kwa hiyo ukichora mpaka kwa nukta za Agosti peke yake, yaani mahali kola zilipoonyesha wanyama walipo, utapata kundi moja kubwa, na utakuwa umekosea. Tazama nukta za Januari na Februari, majike wanapozaa. Kisha uliza: jike aliyezalia Simanjiro mwaka huu, mwakani atarudi hapo au atahamia Gelai? Hilo kola ya msimu mmoja haiwezi kukujibu. Ikae angalau masika mawili.

Kola ni ghali, na kumvisha mnyama si jambo jepesi. Jike amelala kwa dawa ya usingizi, macho yamefunikwa kitambaa, nawe unapitisha vidole kati ya mkanda na shingo uhakikishe haumkabi, huku daktari akihesabu pumzi. Huwezi kufanya hivyo kwa mamia. Hapo ndipo picha zinapotufaa: michirizi ya nyumbu mmoja haifanani na ya mwenzake. Watafiti wa Tarangire walilinganisha picha hizo kwa programu ya kompyuta, na matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kuwa wengi hurudi eneo lilelile la masika, ingawa kiangazi huchanganyika.

Ila usichanganye damu, yaani uzao, na idadi ya kila fungu. Mimba ya nyumbu ni kama miezi minane, kwa hiyo hupandana Mei au Juni hivi, wakati wengi wanarejea mtoni. Dume wa njia moja anaweza kumpanda jike wa njia nyingine, damu ikabaki moja. Lakini Kwakuchinja ikizibwa na nyumba na mashamba, sitegemei majike wa Simanjiro waende kujaza pengo la Gelai. Ndiyo maana kwa usimamizi mimi nawahesabu mafungu mawili, kila moja na hesabu yake ya masika.

Ukiwa doria Februari, piga picha za ubavu uleule kila mara, maana michirizi ya kulia na kushoto hutofautiana. Andika tarehe na mahali.