Uwiano na kiwango: angalia vipimo kabla ya namba

Mkuu, umeuliza kwa nini 1:2:4 ya zege inaitwa uwiano na kilomita 60 kwa saa inaitwa kiwango, wakati zote ni kugawanya tu. Jibu liko kwenye vipimo.

Uwiano unalinganisha vitu vilivyopimwa kwa kipimo kimoja: saruji ndoo 1, mchanga ndoo 2, kokoto ndoo 4. Ndoo kwa ndoo zinakatana, zinabaki namba tupu, kwa hiyo ukiacha ndoo ukapimia toroli, 1:2:4 haiguswi. Kiwango kinabeba vipimo viwili visivyokatana, kama kilomita na saa au shilingi na kilo. Badili kipimo kimoja, namba nayo inageuka: kilomita 60 kwa saa ni kilomita 1 kwa dakika, na gari halijaongeza mwendo.

Makosa mengi yanaanzia hapo. Sentimita 50 kwa mita 2, mtu anaandika 50:2, anarahisisha kuwa 25:1. Geuza kwanza: 50:200, yaani 1:4. Site ni vilevile: mfuko 1 wa saruji, toroli 2 za mchanga, toroli 4 za kokoto SI 1:2:4, maana mfuko wa kilo 50 ni takriban lita 35 tu na toroli inabeba zaidi ya hapo. Saruji inapungua, zege linakuwa dhaifu.

Kosa lingine ni kusema saruji ni robo. Jumlisha sehemu zote, 1+2+4=7; saruji ni 1/7.

Sasa chukua zege la mita za ujazo 3. Mali kavu (saruji, mchanga na kokoto) husinyaa ikichanganywa na maji, hivyo mafundi huzidisha kwa 1.54: lita 3,000 × 1.54 = 4,620. Saruji iwe x, mchanga 2x, kokoto 4x:

7x = 4,620
x = lita 660

Mpaka hapo ni uwiano. Kupata mifuko unahitaji kiwango, lita 35 kwa mfuko. Idadi ya mifuko iwe m:

35m = 660
m = 18.86, nunua mifuko 19

Ziangalie vizuri hizo milinganyo miwili, zinafanana kwa sura tu. Ile 7 ni namba tupu, lita zimebebwa na x. Ile 35 yenyewe ndiyo imebeba "lita kwa mfuko". Ukiiandika bila vipimo vyake, utazidisha mahali pa kugawanya na hutajua.