Kutu sakafuni: usianze na grenda

Ukiinua zulia la gari la zamani ukakuta tundu la kupitisha kidole, jua kwamba ugonjwa ulianza zamani. Sifongo ya chini ya zulia imekuwa ikinywa maji na kuyatunza, bati likaliwa kimyakimya kutoka juu huku rangi ya chini ikiwa bado nzuri. Kwa hiyo tafuta kwanza maji yanapoingilia. Mtu amwagie kioo cha mbele kwa mpira wa maji, wewe ujilaze ndani na tochi. Mara nyingi yatachuruzika kwenye mpira wa kioo uliokauka, au kwenye matundu ya nyaya yanayotoka upande wa injini. Ukigusa unyevu unaoteleza wenye harufu tamu, hiyo si mvua; hita inavujisha maji ya rejeta.

Viti na zulia vikishatoka, utakutana na lami ya kuzuia kelele. Ipashe kwa hewa ya moto ilainike, uikwangue. Wengine huiwekea barafu kavu (kaboni dioksidi iliyogandishwa), ikaganda na kubanduka kwa kugongwa. Ni njia safi, ila fungua milango yote: hewa inayotoka humo ni nzito, hutuama chini, na wewe ndiko ulikoinamia.

Brashi ya waya ni mwongo. Hung'arisha bati lililobaki jembamba kama karatasi nalo likaonekana zima. Mimi naamini nyundo ndogo na bisibisi kuukuu: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kadibodi na kubonyea. Chora mstari wako wa kukata kwenye chuma kinacholia, si pembezoni mwa tundu. Ndiyo, kiraka cha kiganja kitageuka kiraka cha sinia. Zoea.

Gari langu la kwanza nilikata sakafu ya pande zote mbili siku moja, bodi ikiwa juu ya stendi mbili tu. Nilipomaliza kuchomelea, mlango wa dereva ulikataa kufunga, na hadi leo sijaurudisha sawasawa. Gari lisilo na chasi ya peke yake hutegemea sakafu na yale maboksi ya chini ya milango kama mgongo, na la paa la kukunjwa ndilo balaa zaidi. Siku hizi naweka stendi 4, nakingamisha bomba la chuma kwenye uwazi wa mlango, kisha namaliza upande mmoja kabla ya kugusa wa pili.

Kabla ya cheche, toa betri, sogeza mabomba ya mafuta na ya breki yanayopita chini, na kizima moto kiwe karibu. Ukimaliza kuchomelea, kaa hapo nusu saa. Lami iliyojificha huweza kufuka wewe ukiwa mezani unakula.

Kata kiolezo cha kadibodi, kisha bati la unene wa lile la zamani; mengi ni karibu milimita 1. Pembe za kiraka ziwe za mviringo. Bati la zinki likwanguliwe hadi chuma kitupu panapochomelewa, maana moshi wake huleta homa. Usivute mshono mrefu: piga nukta moja, ruka upande wa pili, piga nyingine, uache bati lipoe hadi uweze kuliwekea mkono. Mwenye haraka huishia na sakafu yenye mawimbi.

Kupandisha bati juu ya bati ni rahisi kuliko kukutanisha kingo, lakini mwanya wa katikati hunasa maji. Mimi nakutanisha.

Kisha praima ya epoksi, silanti ya kuziba kwenye kila mshono juu na chini, na rangi. Nta ya ndani ya maboksi iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa huwaka. Zulia lisirudi siku hiyo. Endesha mvua mbili tatu sakafu ikiwa wazi, upapase kwa mkono palepale palipokuwa na tundu.