Ukikabidhiwa Ufunguo wa Maktaba ya Shule ya Msingi

Mwaka wangu wa pili nikiwa mwalimu wa maktaba, nilinunua karanga za kukaanga pale stendi. Nilizila zote, kisha nikaikunjua karatasi ili niitupe. Ulikuwa ukurasa wa 17 wa kitabu cha hadithi, na pembeni yake palikuwa na muhuri wa shule yetu. Muhuri huo niliugonga kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu nilifika shuleni nimefura. Nikabadilisha kufuli, nikatangaza mstarini kwamba kuanzia siku hiyo hakuna kitabu kutoka nje ya chumba, na atakayechana ukurasa aje na mzazi. Muhula ulipokwisha nilihesabu vitabu: hakikupungua hata kimoja. Nikaipeleka taarifa kwa mwalimu mkuu kifua mbele. Yeye akalivuta daftari la kuazimia, akapekua, akaniuliza, "Sasa mwalimu, waliosoma ni akina nani?" Kurasa za muhula ule zilikuwa nyeupe.

Nakusimulia haya wewe uliyepewa maktaba juzi kwa sababu najua ulivyoipewa. Shule zetu nyingi za msingi za serikali hazina mkutubi aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Yupo mwalimu mwenye vipindi vyake kama wenzake, anaitwa ofisini, anapewa ufunguo uliofungwa kamba na kuambiwa, "Na hii itakuwa kwako." Mafunzo hakuna. Kuna makabidhiano ya mali: orodha, sahihi yako chini, basi. Ndiyo maana wengi wetu tunaianza kazi na akili ya mtunza stoo, tukihofia kwamba kikipotea kitabu tutaulizwa sisi. Hofu hiyo imefunga maktaba nyingi kuliko mchwa.

Dawa yake ya kwanza ni leja, na hapa usikwepe. Chukua kauntabuku kubwa, piga mistari: namba, tarehe ya kupokea, jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, kimetoka wapi, bei kama unaijua, na safu pana ya maoni. Kila nakala ipate namba yake. Nakala kumi za kitabu kimoja ni mistari kumi, hata kama mkono utauma. Gonga muhuri ukurasa wa jina, kisha uchague ukurasa mmoja wa ndani ambao utaugonga katika kila kitabu bila kuwatangazia watu. Wangu ulikuwa wa 17, kama ulivyokwisha kujua. Anayeiba kitabu huchana ukurasa wa mbele. Wa ndani huusahau.

Faida ya leja utaiona siku kitabu kikipotea. Utaandika kwenye maoni "kimepotea", tarehe, nani alikiazima na hatua gani ilichukuliwa, kisha utaendelea na kazi. Mkaguzi hashtuki kuona kitabu kimepotea kwa maandishi. Anashtuka kukuta vitabu vimepungua na mwalimu anajikuna kichwa.

Baada ya leja utatamani kupanga rafu kitaalamu, na mtu atakutajia Dewey. Ni mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliotoka mwaka 1876, unaogawa maarifa yote katika makundi kumi kuanzia 000 hadi 900. Ujifunze, utakusaidia ukienda maktaba ya mkoa. Kwa vitabu vya maarifa unafaa hata shule ya msingi: wanyama 590, mifugo 636, soka 796.334. Watoto wangu wa darasa la sita walikuwa wanaikariri 796 kama namba ya simu ya nyumbani.

Kwenye hadithi ndipo utakapokwama. Fasihi ya Kiingereza imepewa 820, ya Kijerumani 830, ya Kifaransa 840, kila mmoja na chumba chake. Sisi tumebanwa uani, 896, pamoja na lugha za Afrika kwa jumla, na Kiswahili humo ndani ni 896.392. Sasa jaribu kuipanga hivyo shule ambayo karibu vitabu vyake vyote vya hadithi ni vya Kiswahili. Utaandika 896.392 mpaka kalamu iishe wino, na rafu nzima itakuwa namba moja. Mimi nilifanya hivyo wiki mbili nzima, nikajiona msomi, halafu mtoto wa darasa la tatu akaniuliza, "Mwalimu, hivi vyote ni kitabu kimoja?"

Nikaenda duka la vifaa vya umeme, nikanunua tepu za mafundi: nyekundu, njano, kijani, bluu. Kipande kidogo mgongoni mwa kitabu. Nyekundu ni vitabu vya picha na sentensi moja kila ukurasa, njano vina aya fupi, kijani hadithi yenye sura, bluu ni vya wanaosoma bila kushikwa mkono. Angalia, sikuandika "darasa la pili" wala "darasa la tano". Mwanzoni niliandika, na nikawaona watoto wa darasa la tano wasiojua kusoma vizuri wakiipita rafu ya darasa la pili kama vile inanuka. Rangi haimwaibishi mtu. Mkubwa anachukua chekundu, ukimtazama anasema ni cha mdogo wake. Mwache aseme.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na ninataka ukae hapo kuliko kwenye rafu. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa. Mtoto akishazijua silabi atakusomea ukurasa mzima bila kukwaa, hata habari za benki kuu, na asijue amesoma nini. Kuna mbinu utafundishwa kwenye semina: mtoto afungue ukurasa, akunje kidole kwa kila neno linalomshinda, vikifika vitano kitabu ni kigumu. Kwa Kiingereza inafaa. Kwa Kiswahili inadanganya, kwa sababu hakuna neno litakalomshinda kutamka. Mimi nilipitisha watoto kibao kwenda bluu kwa kipimo cha vidole, kumbe walikuwa wanaimba tu.

Siku hizi ninauliza jambo moja mtoto anaporudisha kitabu: "Nani kakuudhi humo ndani?" Nikiuliza hadithi inahusu nini ananijibu kama mtihani: "Hadithi hii inatufundisha tusiwe wachoyo." Nikimuuliza nani kamuudhi, anasahau kwamba mimi ni mwalimu. Ananiambia fisi, au yule mama wa kambo, na kwa nini. Asipokuwa na wa kumuudhi, hajakisoma, au amekisoma bila kukielewa. Simwadhibu. Ninampa rangi ya chini na kumwambia hiki nacho kizuri.

Kuwasomea kwa sauti usikuache, hata darasa la saba. Chumba kina watoto themanini, hakuna maiki, vitabu haviwatoshi. Ila sauti yako inawatosha wote. Waanze wao kwa kuitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," maana wengi wanaijua kutoka kwa bibi zao, na chumba kitatulia bila kupiga meza. Soma dakika kumi, kisha simama pale hadithi inapopata joto. Onyo langu: usisimame penye joto kama kitabu unacho nakala moja. Nilifanya hivyo nikaondoka kwenda kunywa chai, nikarudi nikakuta wanakigombea. Jalada lilikuwa kwa mmoja, na mwisho wa hadithi kwa mwingine. Tafuta kwanza kitabu chenye nakala nyingi, hata kama si kizuri sana.

Kuhusu ukimya, sina msimamo mkali. Watoto wa darasa la kwanza na la pili, ambao bado wako kwenye KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), hawajui kusoma kimoyomoyo. Ukiwaambia nyamazeni, wanaacha kusoma. Kelele ya watoto wanaosoma inajulikana, na ya watoto wanaorushiana viatu inajulikana.

Vitabu viende nyumbani. Najua unachofikiria. Nyumbani kuna moshi, kuna mdogo wake mwenye meno mapya, kuna mvua njiani. Zamani tuliwapa mifuko ya plastiki. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya kubebea ya plastiki imepigwa marufuku hapa Tanzania, tukawa tunashuhudia vitabu vikivimba kila masika. Mzazi mmoja, fundi cherehani, akatushonea vifuko kutokana na viroba vya unga vilivyotumika. Havipendezi, vinafaa. Sheria yetu: hakuna kifuko, hakuna kitabu, na kifuko kinarudi pamoja na kitabu. Anza na madarasa mawili, siku moja kwa wiki, uone mwenendo, usifungue mlango kwa shule nzima kwa siku moja kama nilivyofanya mimi baada ya aibu ya lile daftari jeupe. Nilikesha nikiandika majina.

Kikipotea, usikimbilie faini. Mzazi akisikia kitabu kinadaiwa, atamwambia mwanawe asiazime tena, na umempoteza mtoto kwa bei ya kitabu. Sisi tunamwomba mtoto aliyepoteza aje siku tatu mapumziko kusaidia kukarabati. Wengine wanaizoea kazi, wanakuja hata wasipodaiwa. Wengine wanapoteza tena, sitakuficha.

Na ukarabati ndio huu. Seloteipu ikae mbali na vitabu; baada ya muda inageuka kahawia, inabanduka na maandishi. Tumia gundi nyeupe ya mbao, kidogo, kwa kijiti, kisha lundika matofali juu usiku kucha. Vitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini, hasa mkiwa karibu na bahari, pini hushika kutu na kula karatasi: zitoe, toboa matundu matatu, shona kwa sindano na uzi. Dakika tano. Mchwa hupandia ukutani na kwenye miguu ya rafu, kwa hiyo rafu isiguse ukuta, acha nafasi ya kiganja, na miguu yake uisimamishe ndani ya makopo yenye oili chafu. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Majani makavu ya mwarobaini sisi tunaweka, mimi naamini yanasaidia, mwenzangu anasema ni mazoea tu.

Siku moja utapokea maboksi ya msaada. Piga picha, shukuru, andika barua, ufanye yote yanayotakiwa. Kisha yafungue kwa macho makavu. Nimewahi kutoa boksini vitabu vya sheria ya kodi ya nchi nyingine na mwongozo wa kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Vya Kiingereza vyenye picha nyingi viweke, vina kazi yake kwa madarasa ya juu. Vilivyobaki visikujazie rafu, kwa sababu mtoto akivuta vitabu vitatu mfululizo visivyosomeka, cha nne havuti. Ila usichome, usigawe, na usimpe muuza karanga! Vikishaingia kwenye leja ni mali ya shule. Andika orodha ya unavyotaka kuviondoa, mpelekee mwalimu mkuu, ifuate utaratibu wa kufuta mali. Bora zaidi, ukiulizwa kabla msaada haujaja, toa orodha yako: hadithi za Kiswahili, rangi nyekundu na njano, nakala tano tano. Watu wengi wenye nia njema hawajawahi kuambiwa hivyo.

Ukitaka kujiendeleza, kipo Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka pale Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukikosa nafasi ya kwenda, nenda maktaba ya mkoa wako siku isiyo na pilika, jitambulishe, omba uone leja yao na jinsi wanavyovalisha vitabu majalada. Nusu ya ninayoyajua niliyapata kwa mama mmoja mkutubi wa mkoa aliyenikalisha chini na kuniambia, "Mwanangu, kwanza acha kuwatisha watoto."

Mwisho ni ratiba. Omba kipindi cha maktaba kiandikwe ukutani pamoja na Hisabati na Sayansi, maana kisichoandikwa huliwa na mitihani. Kisha chagua wanafunzi sita wa kukusaidia, na usichukue wale wanaoshika nafasi za juu tu. Hao tayari ni viranja, ni waimba kwaya, ni kila kitu. Chukua na yule anayependa kupanga vitu, na yule asiyeenda kucheza mpira. Wafundishe kuandika daftari la kuazimia: namba ya kitabu, jina, darasa, tarehe. Watakosea, utasahihisha.

Halafu chonga ufunguo wa pili, na usikae nao wewe. Wangu upo kwa mwalimu wa darasa la pili, mwenye chumba jirani. Nilipolazwa wiki tatu mwaka juzi, nilirudi nikakuta rafu zimevurugwa, vyekundu vimechanganyika na bluu, na kurasa kumi na moja za daftari zimejaa mwandiko wa watoto.